Kiroba chenye utepe wa khanga

Tulikuwa tumepanga Tandale, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya wapangaji sita, na mtaro wa mvua ulipita nyuma ya choo. Ulichimbwa upeleke maji Mto Ng'ombe, ambao nao huyamwaga Msimbazi. Sisi tuliugeuza jalala. Mzoa taka wa mkokoteni alitoza shilingi 500 kwa kiroba, na kwa mama yangu, muuza chapati, kulikuwa na siku ambazo 500 hiyo ndiyo mafuta ya kesho. Mawingu yakitanda usiku, mama ananiambia, "Mwanangu, kapeleke." Nakifunga kiroba kwa utepe wa khanga kuukuu, natoka, nakitupa. Maji yanakichukua. Tuliamini hivyo kabisa, kwamba maji yanachukua. Wapo waliongoja mvua hiyohiyo ili watapishe vyoo.

Jumanne ya Desemba 20, 2011, nilikuwa na miaka 13, nangoja majina ya kidato cha kwanza. Mvua iliyonyesha wiki ile wazee waliilinganisha na ya mwaka 1954. Kwetu maji hayakuingia mlangoni. Yalitokea chooni. Tulisikia shimo linagugumia, kisha ukumbi mzima ukajaa maji meusi yenye mapovu. Mama alinyanyua mfuko wa ngano kwanza, akaupandisha juu ya kabati, ndipo akamnyanyua mdogo wangu. Simlaumu. Mtoto alikuwa kitandani, na ngano ilikuwa sakafuni.

Yalipofika magotini, baba mwenye nyumba akapiga kelele kwamba kalavati la chini limeziba. Wanaume wakashuka na nondo na fito, wamejifunga kamba viunoni. Sisi vijana tukajipanga mstari kupokea. Hadi leo naweza kuhesabu vilivyopita mikononi mwangu: vifuu vya nazi, tairi la bodaboda, nepi, godoro lililolowa hadi likawa zito kama maiti, vifuko vya maji ya Kandoro, na rambo, rambo, rambo. (Rambo, mifuko ile ya plastiki, zilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Nilifurahi siku ile kuliko watu wengi walivyonielewa.) Katikati ya mashada hayo kikaja kiroba cha unga kilichofungwa vizuri, hakikupasuka, mdomoni kina utepe mwekundu wenye doa jeusi la korosho la pindo la khanga ya mama.

Mama alikuwa nyuma yangu. Alikipokea mwenyewe, akakiweka chini, akaendelea kunyoosha mikono apokee kingine.

Saa kumi jioni kalavati likazibuka. Maji yalishuka mbele ya macho yetu kwa mngurumo, na watu wakashangilia, hata mimi. Hatukuuliza yanashukia wapi. Habari za bondeni tulizisikia redioni baadaye: Jangwani imefunikwa, watu wamepanda mapaani. Waliokufa katika jiji lile walizidi 40, na serikali ikawapeleka waliookoka Mabwepande kuanza upya. Kila aliyehojiwa alisema watu wahame mabondeni. Sikusikia mtu akisema lolote juu yetu sisi wa huku juu tulioshangilia.

Takataka tulizozitoa tuliziacha palepale ukingoni mwa mtaro. Ndivyo inavyofanyika hata leo: mtaro unazibuliwa, mchanga na uchafu unalundikwa kando, mvua inayofuata inaurudisha ndani. Siku ya nne lundo lilikuwa limekauka na kunuka, na wingu lilikuwa linajikusanya upande wa bahari. Mama akatoa shilingi 2,000 kwenye kopo la mtaji. "Kamwite wa mkokoteni. Viroba vinne. Na umfuate uone anakopeleka."

Nilimfuata. Dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, na hakuna mkokoteni unaofika huko kutoka Tandale. Nadhani mama alilijua hilo. Tulipita uchochoro, tukashuka, tukashuka tena, mpaka nikaona kuta zenye mstari wa tope uliofika usawa wa madirisha. Watu walikuwa wameanika magodoro, madaftari, picha za harusi. Jamaa akasimamisha mkokoteni kwenye ukingo wa mto, akashika kiroba cha kwanza.

Mama mmoja aliyekuwa anakamua shuka akaacha kukamua. Hakumtazama yule jamaa. Alinitazama mimi.

"Mwanangu," akasema, "hapo ndipo tunapolala."

Jamaa alikwishamwaga viwili. Nilishika vile vilivyobaki, kimoja kina utepe mwekundu, nikamwomba anisaidie kuvirudisha juu. Akasema kupanda mlima ni bei nyingine. Nikampa 2,000 yote.