Akadama, maji ya mvua na kamba wangu wekundu

Nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, imejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kuta zake nene hutunza ubaridi hata Februari. Bila kuta hizo nisingethubutu kufuga kamba wa mapambo, wale wadogo wenye mistari myekundu na myeupe waliotokana na kazi ya mfugaji wa Kijapani, Hisayasu Suzuki, miaka ya 1990. Wanataka maji yasiyo moto, laini, yenye asidi kidogo: pH kama 6, kaboneti karibu na sifuri. Sasa matumbawe hayo hayo yanayotupoza ndiyo yaliyo chini ya kisiwa chetu, na maji ya kisima hupita humo. Nilipopima, KH, yaani kipimo cha kaboneti majini, ilikuwa 14. Birika letu la chai lina ukoko mweupe ndani, nalo lilikuwa limeshasema hivyo zamani.

Mzee mmoja wa Nyali anayetunza bonsai, ile miti midogo ya vyunguni, ndiye aliyeniuzia mfuko wa akadama, lita 14. Ni udongo wa mfinyanzi uliotokana na majivu ya volkano, huchimbwa Japani, hasa Tochigi, ukakaushwa na kuchekechwa kuwa punje za rangi ya matofali. Ukiwa majini hushika kalsiamu na magnesiamu, hula kaboneti, na pH hushuka. "Uoshe polepole, mwanangu," aliniambia. "Ukiusugua utabaki na tope." Nilitia punje chache kwenye gilasi usiku kucha, asubuhi nikazibinya kwa vidole. Hazikuvunjika, nikajua ni udongo mzuri.

Nilitandaza lita 9 kwenye tangi la sentimita 60 kwa 30, unene wa sentimita 5, nikajaza maji ya kisima. Siku ya pili pH ilikuwa 6.6. Nilifurahi mno! Lakini kila nilipobadilisha maji ilipanda, na mwezi haukuisha ikawa 7.8. Udongo ulikuwa umeshiba. Maji magumu kama yetu huumaliza nguvu upesi, kwa hiyo kuutegemea peke yake uyalainishe ni kupoteza pesa.

Nikautoa, nikatandaza lita 5 zilizobaki, safari hii kwa maji ya mvua matupu. Siku ya nne nikatia kamba 10. Baada ya wiki nikaanza kuwaokota wamekufa, kila mmoja ana utepe mweupe nyuma ya kichwa, pale gamba linapopasuka wakati wa kujivua. Walikwama humo. Maji ya mvua hayana kalsiamu, na ile kidogo iliyokuwapo udongo mpya uliinyonya. Sita walikufa hivyo, na mpaka leo naona uchungu, kwa kuwa kilichowaua ni haraka yangu.

Wanne waliobaki niliwahamishia ndoo yenye maji yaliyotiwa madini ya kalsiamu na magnesiamu hadi GH, kipimo cha madini hayo, ikawa 5. Tangini nikaendelea kubadilisha maji ya aina hiyo hiyo kwa wiki tatu, nikipima kila baada ya siku mbili, hadi GH ilipoacha kushuka. Hapo ndipo nilipowarudisha, nikaongeza wengine wanane.

Maji nayakinga masika kwenye mapipa mawili. Mvua ya kwanza naiacha ioshe mabati. Feni ndogo juu ya tangi hushusha joto hadi nyuzi 25, ila hukausha maji, na yanayopungua nayafidia kwa maji ya mvua yasiyotiwa kitu, maana madini hayaendi na mvuke. Ukifidia kwa yenye madini, ugumu utapanda wiki hadi wiki.

Mimea haikunisumbua. Akadama haina mbolea, basi mosi ya Java na anubiasi nimezifunga kwenye gogo, na kriptokorini nimeichomekea kidonge cha mbolea mizizini.

Juma lililopita nilipiga magoti na tochi mbele ya kioo. Jike niliyemwona amebeba mayai chini ya mkia hakuwa nayo tena. Nikadhani ameyaangusha, mpaka punje moja ya udongo iliposogea. Alikuwa mtoto, mdogo kuliko mbegu ya ufuta, na mistari yake yote anayo. Nilihesabu hadi 11, kisha adhana ya alfajiri ikaanza.