Nilivyolipwa bima ya ukame bila kumpa dalali hata shilingi

Pesa za bima ya mifugo ya serikali ya Kenya, ile iliyoitwa KLIP, hazikulipwa kwa sababu kondoo wako amekufa. Zililipwa kwa sababu nyasi zimekosekana. Setilaiti iliangalia malisho ya eneo zima, na ukijani uliposhuka chini ya kiwango cha msimu, kila aliyeandikishwa hapo alilipwa. Watu wangeelewa hivyo mapema, yule dalali wa mjini asingepata pa kuingilia.

Alikuja manyatta yetu, upande wa Laisamis, kaunti ya Marsabit, mvua za vuli za 2016 zikiwa zimetukimbia. "Mama, bila ushahidi hulipwi," akaniambia. Ushahidi wenyewe ni masikio ya kondoo waliokufa, yakaushwe na kufungwa kumikumi, juu yake shilingi mia tano za kusukuma faili. Majirani wakashika visu. Shemeji yangu alijaza gunia zima, akapanda nalo lori la mbuzi. Lilinuka hadi taniboi akataka kumshusha njiani, ikabidi aongeze nauli. Kufika ofisini, hakuna aliyelifungua. Aliulizwa kitambulisho tu, nacho alikuwa amekiacha nyumbani! Mimi nilikataa kukata hata sikio moja. Kwenye baraza nilimsikia msajili kwa masikio yangu: serikali inalipa ada yote ya bima kwa ng'ombe watano, au kondoo na mbuzi hamsini. Mzoga hakuutaja.

Kilichonitoa jasho ni jina. Orodha ya walioandikishwa ilipobandikwa kwa chifu niliipiga picha, nikakaa chini ya mgunga nikilinganisha herufi moja moja na kitambulisho. Jina la tatu lilikuwa limepungua herufi. Hilo chifu alilirekebisha papo hapo.

Halafu nikafanya jambo ambalo hadi leo nawafundisha akina mama wenzangu. Nilimwomba jirani anitumie shilingi hamsini kwa M-Pesa, nikasoma ujumbe kwenye simu yake. Jina lililotokea ni la kijana wangu, maana ndiye aliyeninunulia laini ile miaka hiyo. Orodha ina jina langu, simu ina jina la mwanangu: hiyo pesa ingefika vipi? Nilichukua laini mpya, haikufika hata mia mbili pamoja na nauli ya pikipiki, wakala akaisajili kwa kitambulisho changu, na namba nikampelekea msajili mwenyewe mkononi. Usimtume mtu.

Februari 2017 serikali ilitangaza malipo ya zaidi ya shilingi milioni 200 kwa wafugaji wapatao 12,000 katika kaunti sita, Marsabit ikiwemo. Ujumbe wangu uliingia nikiwa kisimani. Nilipiga vigelegele hadi punda wakashtuka.

Pesa hiyo imekusudiwa kuokoa mifugo iliyo hai, kwa hiyo itumie haraka. Madume nilikuwa nimeshawauza soko la Merille wakingali na nyama. Nilinunua marobota ya nyasi na dawa ya minyoo, nikawalisha majike wenye mimba peke yao, wengine wakaenda na vijana kutafuta malisho. Walionishangaa kwa kuwabagua kondoo waliona wenyewe wangapi walizaa.

Mpango wa DRIVE, bima ya mifugo iliyofuata KLIP, ulioanza 2022, unataka mfugaji naye achangie ada. Nimechangia, na laini niliyoandikisha ni hiyo hiyo yenye jina langu.