Nilivyokuja kuelewa XOR na XNOR kwenye taa ya ngazi

Mi nilisoma mageti, yaani vile visaketi vya umeme vinavyopokea moja na sifuri na kutoa jibu la moja au sifuri, muhula mzima bila kuielewa geti la XOR, na jedwali lake la ukweli nilikuwa nalo kichwani safi kabisa, sifuri sifuri inatoa sifuri, sifuri moja inatoa moja, moja sifuri inatoa moja, moja moja inatoa sifuri, naliimba kama dua ya kulalia. Ukiulizwa jedwali kwenye testi unachora unaondoka na maksi zako, ila ukipewa saketi ina XOR mbili zimefuatana halafu kuna AND pembeni (ile inayotoa moja zikiingia moja zote tu), jasho. Nilipata 7 kwenye 20.

Nadhani tatizo langu lilianzia kwenye neno "au". Tuliambiwa OR ni "au", ikiingia moja huku au huku inatoka moja, na zikiingia moja zote mbili bado inatoka moja. Sasa mi kwenye kichwa changu "au" haiko hivo jamani, mama akikuuliza unakunywa chai au uji ukamjibu "ndio", au ukasema vyote, utaangaliwa mpaka ujirekebishe mwenyewe. Kwa hiyo OR ndo ilinishangaza na XOR ndo ilikuwa "au" yetu ya nyumbani, tena hata kuna ile ya ama zangu ama zako, mmoja lazima ashinde na hatuwezi kushinda wote, hiyo ni XOR tupu. Ila hakuna aliyeniambia, nikabaki nakariri.

Likizo nikaenda kwa mjomba, ni fundi umeme, nikawa nambebea ngazi na bisibisi. Siku hiyo tulikuwa nyumba ya ghorofa moja tunafunga taa ya ngazi, ile unawasha ukiwa chini unazima ukifika juu. Swichi zake ni za tuwei, kila moja ina komoni, yaani pini ya pamoja, na pini nyingine mbili, L1 na L2, swichi inaunganisha komoni na moja kati ya hizo. Moto unaingia komoni ya swichi ya chini, nyaya mbili zinapanda mpaka swichi ya juu, na komoni ya juu ndo inaenda kwenye taa. Nikamuuliza, "Anko, sasa hii kuwaka ni ikibonyezwa juu au chini?"

"Haina juu wala chini mpwa wangu. Ukigusa yoyote, inabadilika."

Aisee nilisimama pale na bisibisi mkononi. Nikachukua penseli nikaandika ukutani, ukuta ulikuwa haujapakwa rangi bado: zote zimelala juu, taa inawaka, zote zimelala chini, inawaka, moja juu moja chini, haiwaki. Yaani taa inawaka swichi zikifanana, na hiyo ni XNOR bana, kinyume cha XOR! Nikamwomba mjomba azime meini swichi tubadilishe zile nyaya mbili kwenye swichi ya juu tu, ya L1 iende L2 na ya L2 iende L1. Akaguna, akafanya. Tukawasha umeme, sasa taa inawaka swichi zikitofautiana, zikifanana inazima. XOR. Kuvusha nyaya mbili tu. Mjomba mwenyewe hakuona cha ajabu, akasema kwa mwenye nyumba ni kitu kilekile, nimwachie muda wake.

Niliporudi chuo nikanunua aisii (chipu) mbili, 74LS86 ambayo ndani ina XOR nne, na 74LS266 ambayo ina XNOR nne. Nikakata waya wa chaja kuukuu ya simu nipate volti 5, chanya pini ya 14, hasi pini ya 7. XOR ya kwanza unaingizia pini 1 na 2 jibu linatoka pini 3, nikaweka rezista ya kupunguza umeme na taa ndogo ya LED. Haikuwaka kabisa. Kumbe nilikuwa nachomoa waya kwenye pini nikidhani nimeweka sifuri, na hizi aisii za LS pini ikiachwa inaning'inia inahesabu ni moja, kwa hiyo muda wote nilikuwa naingiza moja na moja. Sifuri lazima uipeleke hasi kwa waya. Nikapeleka, ikawaka.

Ile ya XNOR ndo ilinitesa siku mbili. Nimeunganisha vizuri, sifuri sifuri inatakiwa kuwaka, giza. Moja moja, giza. Nikasema nimeuziwa feki. Baadaye ndo nikaja kusoma kwamba jibu la 74LS266 ni la aina ya kolekta wazi, yenyewe inaweza kuvuta chini tu, kusukuma moto juu haiwezi, lazima uiwekee rezista kutoka pini ya jibu kwenda volti 5. Nikaweka ya kilo-ohm 1, LED ikawaka, hafifu lakini ikawaka. Na angalieni pini, geti la pili la 86 linaingia 4 na 5 linatoka 6, kwenye 266 linaingia 5 na 6 linatoka 4, ukihamisha nyaya kwa mazoea unajipoteza.

Kilichobaki kilikuwa XOR ya ingizo tatu. Nilikuwa nimeshashika kwamba XOR inauliza "mnatofautiana?", sasa moja moja moja zinafanana zote na jibu bado ni moja, mbona? Hapo nikakumbuka maneno ya mjomba, ukigusa yoyote inabadilika. Anza na sifuri tatu taa imezima, gusa ya kwanza inawaka, gusa ya pili inazima, gusa ya tatu inawaka. Kwa hiyo idadi ya moja ikiwa witiri inawaka, ikiwa shufwa inazima, hata ingizo ziwe kumi. Kutofautiana ni habari ya wawili tu.

Halafu XNOR mbili zikifuatana kwa ingizo tatu, nilitegemea nipate kinyume cha XOR. Nikapiga michanganyiko yote nane ya moja na sifuri kwa kalamu na jibu likatoka sawasawa na la XOR, kila mstari. Nikarudia nikijua nimekosea. Mpaka nikazikumbuka zile nyaya za ngazini: XNOR ni XOR iliyovushwa nyaya, na hapa nimevusha mara mbili, kwa hiyo nimezirudisha zilipokuwa.