Nilivyolisoma shairi la Beowulf kwa penseli mbili

Shairi la Beowulf, kisa cha kishujaa cha Kiingereza cha kale, lina mishororo 3,182, na anayelishika kwa mara ya kwanza hukwama palepale walipokwama wenzake: kwenye majina. Hrothgar, Hrothulf, Hygelac, Hygd, Heorogar, Heremod. Ukishawazoea hao, mtunzi anakiacha kisa chake katikati, anakutupa kwenye ugomvi wa Wafrisia, watu wa pwani ya Uholanzi ya leo, uliokwisha zamani, kisha anarudi kana kwamba hukumwona akitoka. Mimi nililimaliza, nikalirudia, halafu nikaliendea lile fupi la vita vya Maldon. Naeleza nilivyofanya kwa sababu naishi Essex, mashariki mwa Uingereza, mkoa ulipo Maldon, na Waswahili wenzangu wanaonikuta na kitabu hicho huniuliza jambo lilelile: hawa Waingereza wa kale walimwamini Mungu, au walikuwa watu wa liandikwalo ndilo liwalo?

Kwanza nilijiruhusu kuruka. Visa vya pembeni vyote nikaviweka kando, nikabaki na mapambano matatu. Kijana Beowulf anatoka kwao kwa Wageat, kusini mwa Uswidi ya leo, anavuka bahari hadi Denmark kumsaidia mfalme Hrothgar, ambaye ukumbi wake wa Heorot huvamiwa usiku na zimwi liitwalo Grendel. Analing'oa mkono. Mama wa zimwi anakuja kulipiza kisasi. Beowulf anamfuata hadi chini ya maji na kumuua. Baadaye sana, akiwa mfalme mzee aliyetawala miaka 50, anapigana na joka linalochoma nchi yake, na wote wawili wanakufa. Hakuna hata tukio moja linalotokea Uingereza, ingawa lugha ni Kiingereza cha kale na nakala pekee iliyobaki, iliyoandikwa karibu na mwaka 1000, iko London katika British Library. Hayo matatu yakishakaa kichwani, vile visa vya pembeni hupata mahali pake vyenyewe. Nilivirudia katika usomaji wa pili na havikunisumbua.

Jambo la pili, nilisoma kwa sauti. Nilipata toleo lenye lugha ya kale upande wa kushoto na Kiingereza cha leo upande wa kulia. Ile ya kushoto sikuielewa, lakini niliisoma hivyohivyo, polepole, mlango umefungwa. Shairi lao halina vina. Mshororo umekatwa katikati, una ukwapi na utao kama wetu, kila kipande kina mapigo mawili mazito, na kinachoviunganisha ni sauti za mwanzo wa maneno: konsonanti iliyogonga ukwapi inagonga tena kwenye utao. Ukishalisikia hilo, unaelewa kwa nini mtunzi huita kitu kimoja kwa majina matatu mfululizo. Mungu ni Mpimaji, ni Mtawala wa utukufu, ni Mfalme wa mbingu, kutegemea ni sauti gani inayotakiwa mahali hapo.

Halafu zikaja penseli. Ya bluu niliitumia kila mtunzi alipotaja Mungu au ajali, yaani yale aliyoandikiwa mtu, kwa mdomo wake mwenyewe. Nyekundu kila mhusika wa kisa alipovitaja. Kazi hii inachosha, nakiri, na mtu anaweza kuiona ya kitoto. Lakini bila hiyo nisingeambua kitu.

Bluu ni ya Mkristo aliyesoma. Anajua kwamba Grendel ni wa uzao wa Kaini. Anajua gharika na kuumbwa kwa ulimwengu. Yesu hamtaji hata mara moja. Mapema kabisa, watu wa Denmark wanapozidiwa na zimwi, wanatoa sadaka kwenye mahekalu ya miungu yao, na bluu inawahurumia: hawakumjua Bwana, wala hawakujua namna ya kumsifu. Tukumbuke ni watu wa lini. Hygelac, mjomba wake Beowulf, wanahistoria wanamtambua kuwa ni yule mfalme aliyeuawa mwanzoni mwa karne ya 6 akivamia nchi ya Wafranki, habari ambayo askofu Gregory wa Tours aliiandika karne hiyohiyo. Wamisionari kutoka Roma walifika Kent, Uingereza, mwaka 597. Kwa hiyo mtunzi anawasimulia watu wa kale ambao dini yake haikuwafikia, na anawapenda, na hajui la kufanya na mapenzi hayo.

Nyekundu ndiyo iliyonitatiza. Hrothgar, ambaye kwa hesabu ni mpagani, anampa Beowulf mawaidha marefu kuhusu kiburi kama mzee wa kanisa. Beowulf naye, katika hotuba moja kabla ya kukabiliana na Grendel, anasema kwamba atakayechukuliwa na kifo itampasa kuikubali hukumu ya Bwana; mishororo michache mbele anaagiza kwamba akifa vazi lake la chuma lipelekwe kwa Hygelac, maana ajali huenda inavyopaswa kwenda. Wapo wataalamu wa karne ya 19 waliodai kwamba shairi lilikuwa la kipagani tupu na watawa ndio waliopachika Mungu baadaye. Ukitazama kurasa zilizopigwa mistari ya rangi mbili huoni pa kuingiza kisu. Ukimtoa Mungu, Grendel hana ukoo.

Mstari ulionifungua macho uko kwenye kisa cha kuogelea. Beowulf anaeleza jinsi alivyoshindana na Breca baharini na kuua majoka tisa ya maji, kisha anasema kwamba mara nyingi ajali humnusuru mtu ambaye siku yake haijafika, iwapo moyo wake haukulegea. Baadaye, Grendel ameshashindwa, bluu inasema zimwi lingeua wengine zaidi kama Mungu mwenye hekima na ushujaa wa mtu yule usingeizuia ajali hiyo. Mungu na moyo wa mtu mmoja wamesimama upande mmoja, ajali upande wa pili. Mimi nimekulia kwenye "ajali haina kinga", na nilitegemea shairi la watu waliokunja mikono. Hawa wanasema kinga ipo, ila hujui kama leo itakufaa, na njia pekee ya kujua ni kusimama.

Kama hilo linaonekana kuwa la vitabuni tu, British Museum haina kiingilio. Humo mna vitu vya Sutton Hoo, kaburi la meli lililochimbwa Suffolk mwaka 1939: mtu mkubwa wa mwanzoni mwa karne ya 7 aliyezikwa ndani ya meli ya mita 27, na kofia yake ya vita na upanga, mazishi ambayo hakuna padri angeyabariki. Kati ya vyombo vyake kuna vijiko viwili vya fedha vyenye maandishi ya Kigiriki yanayosomwa Saulo na Paulo. Nilikaa muda mrefu zaidi mbele ya vijiko vile kuliko mbele ya kofia.

Pambano la joka ndilo linalokatwa sana katika matoleo ya watoto, na ni hasara. Mtumwa mmoja aliiba kikombe kwenye hazina, joka likaamka. Beowulf mzee anahofu kwamba amemkosea Mungu. Moyo wake unajaa giza, jambo ambalo shairi linasema halikuwa kawaida yake. Anaongozana na watu 11 pamoja na yule mwizi, kisha anawaambia wakae kando, hii si kazi yao. Itakuwa, anasema, kama itakavyowapimia ajali, Mpimaji wa kila mtu. Hapo ajali na Mungu wamewekwa sambamba kana kwamba ni jina moja. Upanga unavunjika. Watu kumi wanakimbilia msituni, anabaki Wiglaf peke yake. Na ni huyuhuyu Wiglaf, mtiifu kuliko wote, anayesema mfalme akishakufa kwamba mara nyingi watu wengi huteseka kwa sababu ya utashi wa mtu mmoja. Hazina inazikwa tena ardhini, haimfai mtu. Mwanamke anaomboleza akiiona vita inakuja. Anayesema shairi hili linasifu ushujaa tu hakufika huku.

Maneno hayo ya Wiglaf ndiyo yaliyonipeleka Maldon, umbali wa safari ya basi kutoka ninapoishi. Agosti 991 Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, walitia nanga katika mto Blackwater, wakapiga kambi kwenye kisiwa ambacho wengi hukubali kuwa ni Northey. Byrhtnoth, liwali wa Essex, akawakabili kutoka upande wa bara. Kati yao palikuwa na njia nyembamba ambayo maji yakijaa huifunika na yakipwa huiacha wazi. Niliangalia ratiba ya maji, nikaenda wakati wa kupwa. Tope la kijivu, mwani, na vijito vidogo vinavyojaa kwanza pembeni kabla maji hayajapanda juu ya njia. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Shairi linasema majeshi mawili yalisimama yakitazamana, yasiweze kugusana, kwa sababu baada ya kupwa maji yalirudi kujaa. Ukiwa pale unaona kwamba ilikuwa ni saa nzima nzima za kusubiri, silaha mkononi.

Maji yalipopwa, watu watatu, Wulfstan, Ælfhere na Maccus, waliishika njia asipite mtu. Waviking wakaomba waachiwe wavuke wapigane kwenye nchi kavu, na Byrhtnoth akakubali. Mtunzi anasema alifanya hivyo kwa kiburi. Wapo wanaomtetea: angewazuia, wangepandisha tanga wakachome kijiji kingine. Hoja ina uzito, lakini mimi nabaki na mtunzi, ambaye alikuwa karibu zaidi na wajane. Byrhtnoth mwenyewe alisema Mungu peke yake ndiye ajuaye nani ataumiliki uwanja, na alipopigwa alimshukuru kwa furaha zote alizozipata duniani, akaomba roho yake ipite salama. Ajali ya kale imebaki pembeni, katika mstari unaosema saa ilikuwa imewadia kwa waliopangiwa kufa waanguke. Alizikwa Ely bila kichwa, na mwaka huohuo Waingereza wakalipa pauni 10,000 ili Waviking waondoke.

Anayetaka kuanza, aanze na hili la Maldon. Imebaki mishororo 325, jioni moja inatosha. Mswada uliungua mwaka 1731, katika moto uleule ulioubabua mswada wa Beowulf, ila mtu alikuwa ameshaunakili. Soma hasa sehemu ya pili, liwali ameshauawa. Godric anamrukia farasi wa bwana wake na kutoroka, na wengi wakimwona farasi wanadhani bwana ndiye aliyekimbia. Waliobaki wanajua wameshindwa. Hapo nilichukua tena ile nyekundu na kutafuta wanataja nini, Mungu au ajali, wanapoamua kutoondoka. Nilikuta kingine. Mzee Byrhtwold anasema moyo uwe mkali zaidi kadiri nguvu zinavyopungua. Ælfwine anawakumbusha maneno makubwa waliyoyasema wakinywa. Leofsunu anaapa hatarudi nyuma hata hatua moja, ili watu wa Sturmer wasije wakamsuta kwamba alirudi nyumbani bila bwana wake. Sturmer bado ipo, kaskazini mwa Essex. Kwa hiyo wanaoniuliza huwajibu hivi: matokeo walimwachia Mungu, siku ya kufa waliiachia ajali, lakini kilichowazuia miguu isikimbie kilikuwa maneno ya majirani.