Saini niliyogoma kuiweka: siku yangu moja kazini Nyanda za Juu Kusini

Saa 11:00 alfajiri

Juni ya Mbeya haina huruma. Unatoka kitandani umeshavaa soksi, na maji ya bomba yanauma vidole hadi unanawa uso kwa awamu. Nabandika chai ya tangawizi, kisha nasoma meseji zilizoingia usiku. Ziko kumi na moja, na tatu zimetoka kwa mkandarasi mmoja anayetaka kujua kitu kimoja tu: leo nasaini au sisaini?

Mimi ni meneja wa miradi wa kanda. Shirika letu linajenga miradi ya maji vijijini kwa kushirikiana na serikali, na kanda yangu ni Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Miradi iliyo mikononi mwangu sasa ni saba, na kila mmoja uko hatua yake. Mwezi huu yote inapiga kelele kwa pamoja, kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 Juni. Mkandarasi ambaye hati yake ya malipo haijasainiwa kabla ya hapo anajua atasubiri, na anajua kusubiri huko hakuna tarehe. Ndiyo maana Juni simu yangu haizimwi.

Saa 12:30 asubuhi

Dereva ameshafika getini, injini inanguruma. Leo ni wilaya ya Rungwe. Tunapita Mwanjelwa wauza mboga wakishusha kabichi na karoti, tunaingia barabara kuu ya TANZAM katikati ya malori ya mizigo ya Zambia na Kongo, tunasogea hatua kwa hatua hadi Uyole. Pale tunakata kulia, na barabara inaanza kupanda.

Nafanya kazi garini, kwa sababu baada ya Isyonje mtandao unakuja na kupotea. Nampigia msimamizi wa Makete: saruji ya tangi imefika, lori lilikwama usiku lakini mifuko haikulowa. Iringa wanataka niwaongezee siku mbili za taarifa, nawapa moja. Songwe, pampu ya umeme wa jua imefungwa, wanasubiri fundi wa umeme. Haya yote yanakwenda vizuri, namshukuru Mungu, maana kichwa changu chote leo kiko kwenye bomba la kilomita mbili na nusu.

Baada ya Kiwira ukungu unashuka hadi kwenye migomba, na chai pembeni ya barabara imekuwa kijani kibichi kama imepakwa rangi. Wageni hushangaa wanapoambiwa Rungwe kuna shida ya maji. Mvua ya Tukuyu, mji wa humu humu Rungwe, inapita milimita 2,000 kwa mwaka, mito iko kila bonde. Lakini mto uko bondeni na nyumba ziko mgongoni mwa kilima, na kati ya hivyo viwili yupo mama mwenye ndoo kichwani kwenye njia ya utelezi.

Saa 2:40 asubuhi

Tumefika kijijini. Injinia wa wilaya yupo, fundi sanifu wetu yupo, mkandarasi yupo na vijana wake sita. Mwenyekiti wa kijiji amevaa koti zito na kofia ya sufu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, mmeamkaje huko mjini?" Tunasalimiana hadi mwisho, habari za nyumbani, za watoto, za baridi. Kazi ya mradi huanzia hapo. Anayeruka salamu kwa haraka ya kuwahi bomba atakuja kuulizwa na kijiji bomba hilo ni la nani.

Mradi huu ni wa mserereko. Chanzo kiko juu msituni, maji yanateremka yenyewe hadi kwenye tangi, na kutoka kwenye tangi yanagawanywa kwa vilula kumi na nne, yaani vituo vya kuchotea maji. Hakuna pampu, hakuna dizeli, hakuna bili ya umeme. Kwa nyanda hizi ndiyo teknolojia ninayoipenda kuliko zote. Ila mserereko una adui mmoja ambaye haonekani kwa macho, naye ni presha. Kila mita 10 ambazo maji yanashuka yanaongeza presha ya baa moja, ndicho kipimo chake, ndani ya bomba. Sehemu ya chini kabisa ya mstari wetu iko mita 60 chini ya tangi, kwa hiyo usiku watu wakifunga vilula vyote, pale chini panabeba baa 6. Tunapima kwa mara moja na nusu ya hiyo, yaani baa 9. Bomba tulilonunua linabeba baa 10.

Saa 3:15 asubuhi

Kijana anapampu kwa mkono, geji ya presha inapanda. Saba. Nane. Tisa. Wanafunga valvu, fundi sanifu anaandika saa kwenye daftari.

Hapa sasa ni kusubiri, na kusubiri kwenyewe ni kazi. Bomba la plastiki hutanuka kidogo likibanwa, kwa hiyo mshale kushuka kidogo mwanzoni si kosa. Ukishatulia, unatakiwa utulie. Nimepiga magoti kwenye nyasi zenye umande, macho kwenye kioo cha geji. Baada ya dakika kumi inasoma nane na nusu. Sawa. Dakika ishirini, nane. Mkandarasi anasema, "Meneja, hiyo ni plastiki tu inajinyoosha." Namwambia tusubiri. Dakika arobaini, sita na robo, na bado inashuka, taratibu, kama mtu anayeondoka bila kuaga.

Hakuna aliyesema neno. Injinia wa wilaya alifunga daftari lake.

Kuna mahali linavuja, na mtaro wote umeshafukiwa. Utaratibu ni kuacha jointi, yaani maungio ya bomba, wazi mpaka kipimo kipite, na maelekezo hayo yamo kwenye mkataba. Mkandarasi alifukia kwa sababu alikuwa anakimbizana na tarehe. Kwa hiyo tunatembea mstari mzima kwa miguu, tukitafuta udongo uliolowa katika nchi ambayo udongo wote umelowa. Aliyepata ni mama mmoja aliyekuwa anapalilia maharage. "Hapa tangu jana pana tope, na mvua haijanyesha," alisema, akionyesha kwa jembe.

Vijana wakachimba. Futi tatu chini tukaikuta jointi. Nilishuka mtaroni kuiangalia kwa karibu, maana jointi iliyochomelewa vizuri unaijua kwa kuigusa. Ncha mbili za bomba zinasafishwa, zinayeyushwa kwenye sahani ya moto zaidi ya nyuzi 200, kisha zinakandamizwa pamoja na kuachwa zipoe bila kuguswa. Plastiki inajiviringa nje kuwa kingo mbili mviringo, zimelingana kuzunguka bomba lote. Hii ilikuwa na kingo nene upande wa juu, na upande wa chini hakuna kitu, kidole changu kilipita kama kwenye ufa wa kikombe. Maji yalikuwa yanatoka kwa unyuzi mwembamba, yakinipiga kiganjani kwa nguvu hadi yanauma.

Nikamuuliza kijana aliyechomelea. Hakunificha. "Siku ile kulikuwa na manyunyu, dada. Hatukuwa na turubai. Bosi alisema tumalize." Nilimshukuru kwa kusema kweli, mbele ya bosi wake, kwa makusudi kabisa, ili asije akafukuzwa jioni.

Saa 6:00 mchana

Tulikaa na mkandarasi pembeni, kwenye gogo, mimi na yeye tu. Si mtu mbaya, na naandika hivi nikimaanisha. Ana mkopo benki, ana vijana wanaomdai mishahara ya mwezi mzima, na malipo yake ya awali yalichelewa bila kosa lake. Aliniambia, "Mama, saini leo, mimi nitarekebisha wiki ijayo. Nakuapia." Naamini hata yeye alijiamini aliposema.

Lakini nimekulia Mbozi, kwenye kijiji chenye kilula kizuri cha zege kilichoandikwa mwaka wa kuzinduliwa. Nilikiona kikitoa maji msimu mmoja. Baada ya hapo mbuzi walikuwa wanapanda juu yake kuota jua, na sisi tukarudi mtoni. Mtu fulani alisaini kile kilula. Sijawahi kumjua, lakini kila nikishika kalamu namfikiria.

Nilimwambia hivi: chanzo kimekamilika, tangi limejazwa na kukaa siku saba bila kuvuja, kazi hizo zimepimwa na nitazisaini leo hii ili vijana walipwe. Bomba, hapana. Fukua jointi zote za kipande kile kilichochomelewa siku za manyunyu, kata mbovu, chomelea upya chini ya turubai, upimaji urudiwe. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Sawa," kwa sauti ya mtu aliyechoka kweli.

Saa 7:30 mchana

Chakula: ndizi za kupikwa na maharage, kwa mama mtunza hazina wa chombo cha watumia maji. Huyu mama ana daftari lenye mistari aliyoichora mwenyewe kwa rula, na hesabu zake nimewahi kuzikagua mara tatu bila kukuta shilingi iliyopotea. Wameafikiana ndoo ya lita 20 iwe shilingi 50, na leo ubishi ulikuwa juu ya wazee wasiojiweza. Mjumbe mmoja alisema wote walipe, maji ni huduma. Mama mtunza hazina akajibu, "Bibi yule wa pale juu amlipe nani, na kwa mkono gani?" Wakapitisha majina ya kaya za wazee watakaochota bure, na yaandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji ili kila mtu ayaone.

Sikuchangia. Sera ya maji ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi asitembee zaidi ya mita 400 kufuata maji, na kilula kimoja kihudumie watu 250. Namba hizo nazikokotoa mimi ofisini. Bibi yupi hana mkono wa kumlipia, hilo wanalijua wao.

Saa 8:45 mchana

Nilipanda chanzoni na mwenyekiti kumwona mzee mwenye mikaratusi. Hili limekuwa likininyima usingizi kuliko bomba. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi yake, ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na mikaratusi yake, kama arobaini hivi, imesimama humo humo. Ilipandwa zamani, shambani kwa baba yake. Mkaratusi unakunywa, na mizizi yake haina adabu.

"Shikamoo babu." "Marahaba. Karibu, kaa." Alinipa kigoda, yeye akakaa kwenye jiwe. Nilianza kueleza, akanikatisha kwa upole: "Sheria naijua, walikuja wakanisomea. Hawakuniuliza tu ada ya mjukuu inatoka wapi." Miti ile ndiyo benki yake. Kila Januari anauza mitatu au minne ya nguzo, mtoto anarudi shule.

Tuliongea karibu saa nzima. Tukakubaliana auze yote mwaka huu ikiwa bei ni nzuri, nami nitamtafutia mnunuzi anayelipa taslimu kabla ya kukata. Visiki visiachwe vichipue, maana mkaratusi ukikatwa huamka tena. Pale ipandwe mikuyu na mizambarau pori. Na kijiji kimpe nafasi ya ulinzi wa chanzo, yenye posho, kwa sababu hakuna mwingine anayelijua bonde lile kama yeye. Hili la mwisho alilisema mwenyekiti mwenyewe, na sura ya mzee ikabadilika. Aliniaga kwa "Ndaga fijo," asante sana kwa Kinyakyusa, akanishindilia parachichi nne kwenye mkoba.

Saa 12:15 jioni

Uyole, foleni. Dereva amewasha hita ya gari, viatu vyangu vinanuka tope. Makao makuu wamepiga. Wanataka kujua kwa nini mradi uliokuwa kwenye orodha ya iliyokamilika hautakamilika. Nimeeleza mara mbili, geji, jointi, manyunyu. Aliyekuwa upande wa pili alisikiliza, kisha akauliza kama kuna namna. Nikamwambia namna ipo, ni wiki mbili.

Saa 3:40 usiku

Watoto wamelala. Mume wangu amenibakishia wali na samaki, amefunika kwa sahani. Nala huku nikijaza taarifa ya mwezi. Kwenye safu ya asilimia ya ukamilishaji aliyeandaa hesabu zile alikuwa ameshaandika 100, akisubiri tu upimaji wa leo. Nafuta. Tangi na chanzo, 100. Bomba la kugawa maji, 80.

Simu inalia. Ni picha kutoka kwa fundi sanifu: mtaro umefukuliwa, taa ya simu inamulika, na jointi nyingine mbili zina kingo za upande mmoja kama ile ya asubuhi. Chini ameandika, "Turubai limepatikana. Kesho tunaanza saa moja."

Namjibu ahakikishe ukungu umeondoka kwanza. Kisha natuma taarifa.