Jumatano gerezani: bangi ilianza lini, na kutotulia kulianza lini?

Saa 11:30 alfajiri. Mwezi Julai hapa Mbeya mtu huamka akiwa tayari amevaa sweta. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Siku nne za juma nipo kliniki, na Jumatano huenda gerezani kuwaona wafungwa na mahabusu wenye matatizo ya akili na matumizi ya vilevi. Katika simulizi hii nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike mtu.

Saa 2:00 asubuhi naacha simu getini, kalamu zangu zinahesabiwa, na askari wa zamu ananiuliza, "Daktari, leo unaona wangapi?" Mimi si daktari, lakini ndani ya ukuta huu kila mwenye kipima presha ni daktari, na nimeacha kusahihisha.

Wa kwanza ni mahabusu aliyeingia juzi, mnywaji wa gongo wa miaka mingi, mikono inatetemeka na jasho linamtoka licha ya baridi. Huyu hangoji foleni, kwa kuwa anayeacha pombe ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuchanganyikiwa kwa hatari huweza kufuata. Tunampa diazepamu na vitamini B1, nami naomba alale karibu na zahanati.

Saa 3:00 analetwa kijana wa miaka 24 ambaye faili lake la adhabu ni nene kuliko faili lake la matibabu. Wakati wa kuhesabiwa, wenzake wakiwa wamechuchumaa kwa mistari, yeye husimama, hugeuka, huongea, na hesabu huanza upya. Anaeleza kwamba alianza kuvuta bangi akiwa na miaka 13, baadaye akaongeza gongo. "Nikivuta, kichwa kinakaa sehemu moja," anasema, kisha anainuka kuchungulia dirishani kabla sijamaliza kuandika sentensi hiyo.

Askari aliyemleta ana jibu lake: "Hiyo ni bangi tu, Daktari." Anaweza kuwa sahihi. Anayeacha bangi hukosa usingizi, hukasirika upesi na hashiki jambo moja kwa muda mrefu, na hali hiyo huweza kudumu wiki mbili au zaidi; ndiyo maana simpimi mtu tatizo la upungufu wa umakini na utulivu (ADHD), ambalo huanza utotoni, katika wiki zake za kwanza gerezani. Kijana huyu, hata hivyo, ana miezi saba hapa, na kwa kauli yake na ya nyapara wake hajavuta chochote kwa muda mrefu. Kinachobaki ni kujua alikuwaje kabla ya bangi, kwa sababu mwongozo wa utambuzi wa matatizo ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013 unataka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, tena katika mazingira zaidi ya mamoja, na kwa mtu mzima ziwe angalau tano.

Hapa ndipo dodoso la kupimia tatizo hili linaponitesa. Maswali yake yanamhusu mtu mwenye ofisi: je, husahau miadi, je, huahirisha kazi ya makaratasi? Kwa mtu ambaye siku yake inapangwa kwa filimbi, hayana maana. Nimejifunza kuuliza kwa njia nyingine. Mkipalilia viazi, unamaliza tuta lako au unahamia la mwenzako? Jembe la nyumbani ulilipoteza mara ngapi? Wakubwa wakizungumza, ulikuwa unaweza kungoja wamalize? Anacheka kwa mara ya kwanza. "Majembe matatu. Mama alifika mahali akawa ananifungia kamba mkononi."

Saa 7:00 mchana bahati inaniangukia: mama yake amekuja kumtembelea kutoka upande wa Tukuyu, naye mfungwa ameridhia nizungumze naye. "Shikamoo mama." Ananiitikia, na bila kuulizwa mara mbili ananiambia kwamba mtoto huyu tangu darasa la kwanza alikuwa hakai kwenye dawati, ng'ombe wa jirani waliingia kwenye mahindi mikononi mwake mara nyingi, na alichapwa shuleni, kanisani na nyumbani. "Tulidhani ni ukaidi, mwanangu." Bangi, kwa hesabu yake, ilikuja miaka mingi baadaye.

Saa 9:00 naketi na mkuu wa zamu. Namwambia kwamba tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinakadiria kuwa takribani robo ya wafungwa wana tatizo hili la umakini na utulivu. Anataka kujua dawa. Kuna methilifenidati, lakini sisi hatunayo, na hata ingekuwepo ningeiogopa, maana kidonge cha namna hiyo ndani ya gereza hugeuka bidhaa. Ushahidi wenyewe haukubaliani: katika jaribio la Uswidi la mwaka 2012, lenye wafungwa 30, waliopewa dawa hiyo walipata nafuu ya wazi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, ilhali jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2023, lenye vijana 200 wafungwa, halikuona tofauti yoyote na kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo naomba visivyohitaji duka la dawa: kijana ahesabiwe miongoni mwa wa mwanzo, atolewe kwenye ufumaji wa vikapu apelekwe bustanini, na apewe agizo moja kwa wakati mmoja. Mkuu anakubali bustani. Juu ya kuhesabiwa anasema atafikiria, na kwa uzoefu wangu maana yake ni hapana ya heshima.

Saa 12:00 jioni, nyumbani, naandika barua ya rufaa, kwa sababu zimebaki wiki tano atoke, na mtaani gongo na bangi vitampokea kabla ya kliniki. Nimetaja siku ya kliniki, nauli itakayohitajika, na jina la kituo cha daladala atakaposhukia. Kisha nimetoa nakala mbili, moja ya faili na moja ya mama yake. Ile atakayopewa mwenyewe ataipoteza.