Kadi ya ISDN ya Ami, Hamburg 1999

Mwaka 1999 Ujerumani ilikuwa imeshaizoea ISDN, yaani laini ya simu ya kidijiti. Ukiingia ofisi ndogo, duka la maua, hata nyumba ya kawaida, ukutani ulikuta kisanduku cheupe kiitwacho NTBA, na kutoka hapo waya nne kwenda kwenye simu, faksi na kompyuta. Nilikuwa Hamburg nasomea umeme, na kitu kile kilinivutia kuliko mengi niliyofundishwa darasani. Waya mbili za shaba, zilezile zilizokuwa zikibeba simu moja ya kawaida, sasa zinabeba chaneli mbili za kilobiti 64 kwa sekunde kila moja, na nyingine ndogo ya kilobiti 16 ambayo kazi yake ni kupeana habari tu: nani anapiga, anatafuta namba ipi, nani amekata. Huku unaongea, kule faksi inatoka, na laini ni hiyohiyo moja. Mpaka leo naiona ni kazi ya uhandisi iliyofikiriwa vizuri sana, na huniuma watu wanapoitaja kama kituo cha kupita tu kabla ya DSL, ile intaneti ya kasi iliyokuja baadaye.

Aliyenifanya niijue kwa mikono yangu ni mzee mmoja wa Mombasa. Alikuwa baharia, akateremka Hamburg zamani na hakurudi tena melini. Sisi vijana wa pwani tuliokuwa tukisoma kule sote tulimwita Ami. Alikuwa na chumba mbili za ofisi karibu na Billstraße, mtaa wa maghala ambako vitu vilivyotumika vya Ulaya hukusanywa na kupakiwa kwenda Afrika. Yeye alishika vipuri vya malori: gia, pampu za dizeli, vichwa vya injini. Kila kontena lina karatasi zake, na karatasi zote enzi hizo zilikwenda kwa faksi. Faksi na simu vilikuwa vikigombania laini moja, ndiyo maana akaamua kuhamia ISDN na kununua kadi ya kompyuta ili mashine ya faksi ipumzike.

Alinipigia asubuhi moja ya Desemba.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo unitazamie hii kompyuta, yanitia wazimu. Meli yaingia Kilindini Jumatano, na wakala ataka nakala za karatasi aanze mambo ya forodha. Siku zikipita, storeji yanihesabia mimi."

Nilichukua multimita yangu ya kupimia umeme, bisibisi ndogo na kubwa, disketi zangu, nikapanda treni.

Kompyuta yenyewe ilikuwa Pentium ya megahezi 100, Windows 95 ya Kijerumani, vumbi limejaa kwenye feni. Kadi ilikuwa FRITZ!Card ya AVM, kampuni ya Berlin, aina ya ISA, yaani ya kuchomekwa kwenye nafasi za kadi za mtindo wa zamani ndani ya kompyuta, aliyouziwa mkono wa pili. Hizi za PCI, za mtindo mpya, zilikuwa zimeshatoka, lakini ya ISA ilikuwa rahisi na yeye ni mfanyabiashara, hawezi kuacha bei nzuri ipite. Alikuwa ameshaichomeka mwenyewe na kuendesha disketi ya programu. Windows ilipowaka, kwenye orodha ya vifaa kadi ilikuwa na ile alama ya mshangao ya manjano ambayo kila aliyetengeneza kompyuta za wakati ule anaijua.

Hilo la kwanza halikunisumbua, maana nilijua pa kutazama. Kompyuta za namna ile zilikuwa na mistari 16 tu, kuanzia 0 hadi 15, ambayo kifaa hutumia kuiambia prosesa "simama kidogo, nina jambo". Mistari mingi ina wenyewe: saa, kibodi, disketi, diski kuu. Na kwenye ISA, vifaa viwili haviwezi kukalia mstari mmoja vikapatana. Kadi ya sauti ilikuwa imeshika 5, na programu ya ISDN nayo ilikuwa imeiweka kadi yake kwenye 5. Printa ilikuwa 7, kipanya kilichochomekwa kwenye tundu la nyuma liitwalo COM1 kilikuwa 4. Uliobaki wenye matumaini ni 3, ambao ni wa tundu la pili, COM2, na COM2 hakuna kitu kilichochomekwa.

Nilimwomba Ami ruhusa, nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya ubao wenyewe kabla Windows haijawaka, nikaizima COM2 kabisa. Hapa ndipo wengi walikuwa wakikwama: wanaona COM2 haina kitu, wanaipa kadi namba 3, kumbe ubao wenyewe bado umeushikilia mstari ule kwa ajili ya tundu tupu. Ukishaizima, mstari unakuwa huru kweli. Jampa ya anwani, kile kipini kwenye kadi cha kuchagulia anwani yake, niliiacha pale ilipokuwa, kwenye 300, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyeidai. Nikaiambia programu itumie 3, nikawasha upya, alama ya manjano ikaondoka.

Programu ikauliza aina ya mawasiliano ya chaneli ndogo. Ujerumani ilianza na utaratibu wake wa zamani ulioitwa 1TR6, baadaye ikaingia kwenye ule wa Ulaya nzima, DSS1. Laini ya Ami ilikuwa mpya, kwa hiyo DSS1. Kisha namba. Laini ya kawaida ilikuja na namba tatu, na raha ya ISDN iko hapo, kwamba kila kifaa unakiambia kiitikie namba yake. Tulipanga ya kwanza iwe ya simu, ya pili ya faksi kwenye kompyuta, ya tatu ya intaneti. Namba hizo unaziandika bila msimbo wa mji. Ukiandika na msimbo, simu inayoingia hailingani na ulichoandika, na kadi inakaa kimya kama haijaitwa.

Tulijaribu. Faksi ikagoma.

Kadi ilikuwa inaonekana, programu imekubali, lakini kila tukituma, inajibu kwamba hakuna mawasiliano na laini. Ami akaenda chumba cha mbele, akainua mkono wa simu.

"Mbona na simu yafanya vijimambo? Mara yalia, mara yanyamaza."

Maneno hayo ndiyo yaliyonigeuza kichwa. Mpaka wakati ule kila mtu, pamoja na Ami, alikuwa anailaumu kompyuta. Lakini kompyuta ikiwa na hitilafu ndani, simu ya chumba cha mbele ina habari gani? Nikachomoa waya wa kompyuta ukutani. Simu ikawa nzima, sauti safi. Nikachomoa simu, nikarudisha kompyuta. Faksi ya majaribio, niliyoituma kwa jamaa yangu mmoja mwenye mashine kazini kwake, ikaenda bila tatizo. Nikaviweka vyote viwili: vyote viwili vikafa.

Kila kimoja peke yake kizima, pamoja havitaki. Nilikaa sakafuni pale chumba cha nyuma nikawaza. Kwenye ISDN vifaa vyote hadi vinane vinaning'inia kwenye waya nne zilezile. Jozi moja inaleta ishara kutoka kisanduku cha ukutani, jozi nyingine inapeleka za vifaa. Kwenye jozi ya kupeleka vifaa vyote vinapiga kwa pamoja, mapigo madogo ya umeme, chanya na hasi, kwa mpangilio mmoja ili yale ya pamoja yajumlike. Kama kifaa kimoja waya zake mbili za kupelekea zimebadilishana nafasi, chanya yake ni hasi ya mwenzake. Kikiwa peke yake hakuna atakayejua, kisanduku kinakielewa vizuri tu. Wakiwa wawili, mapigo yao yanafutana, na kisanduku hakisikii chochote cha maana.

Nilitaka kuhakikisha kabla ya kufungua kuta. Nilikuwa na kile kidude cha plastiki chenye matundu mawili, cha kuchomeka vifaa viwili kwenye soketi moja. Nikaileta simu chumba cha nyuma, nikaichomeka pamoja na kompyuta kwenye soketi ileile. Vyote vikafanya kazi! Simu inaita, kadi inaitika. Kwa hiyo simu haina kosa, kadi haina kosa, kompyuta haina kosa. Kosa liko kwenye waya kati ya soketi ya mbele na ya nyuma.

"Ami, hii soketi ya nyuma nani aliifunga?"

"Kijana mmoja tu wa kazi za umeme. Ile ya mbele yafanya kazi toka mwanzo, hii alivuta yeye juzi."

Nilichomoa NTBA kwanza, maana kwenye waya zile kuna volti 40 za kulishia simu, na si vizuri kuzishika wala kuzigusanisha. Nikafungua soketi zote mbili. Waya zilikuwa nzuri, za kawaida za simu za kule: nyekundu, nyeusi, nyeupe, njano. Soketi ya mbele nyeupe imekwenda 3 na njano 6. Ya nyuma njano imekwenda 3 na nyeupe 6. Nyekundu na nyeusi, zinazoleta ishara, zilikuwa sawa. Niliweka multimita kwenye kipimo cha mlio, kinacholia waya zikiwa zimeungana, nikagusa 3 ya mbele kwa waya mrefu na 3 ya nyuma: kimya. Nikagusa 6 ya nyuma: ikalia. Nilimwita Ami asikie mwenyewe. Alichuchumaa, akavaa miwani, akatazama zile waya mbili nyembamba kama sindano, halafu akanitazama mimi.

"Hizi mbili tu?"

"Hizi mbili tu, Ami."

"Na mimi nshatukana kompyuta wiki nzima."

Yule kijana alikuwa amefanya jambo moja vizuri, na ni haki kulisema: soketi ya mwisho alikuwa ameiwekea vipinga viwili vya omu 100, kimoja kwa kila jozi, kama inavyotakiwa mwisho wa mstari ili ishara isirudi nyuma. Wengi walivisahau, au waliviweka kila soketi. Vya kwake nilivipima na kuviacha. Nikabadilishanisha nyeupe na njano, nikakaza skrubu, nikaandika kwa kalamu ndani ya kifuniko: 3 nyeupe, 4 nyekundu, 5 nyeusi, 6 njano. Kisha nikarudisha NTBA.

Ami hakutaka majaribio tena. Alipiga moja kwa moja Mombasa. Soko la simu la Ujerumani lilikuwa limefunguliwa tangu Januari 1998, na alikuwa na karatasi ukutani yenye namba za kutanguliza za kampuni mbalimbali, ameziandika kwa bei, za juu zimekatwa. Wakala akapokea.

"Usikate, bwana. Nakuletea karatasi sasa hivi, nawe uko na mimi papa hapa kwenye simu."

Alinipa ishara kwa mkono. Nikabonyeza. Kwenye skrini ikaonekana inaita, ikaunganisha baada ya sekunde chache, mistari ya ukurasa wa kwanza ikaanza kuhesabiwa. Ami anaongea chumba cha mbele, mimi natazama chumba cha nyuma, na laini ni moja. Nilimsikia akicheka kwa sauti.

"Waiona? Yatoka? Ukurasa wa pili pia? Haya, nsomee namba ya kontena."

Wakala akamsomea, na Ami akairudia herufi kwa herufi huku ameshika karatasi yake mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Darasani ningeweza kuchora mapigo yale ubaoni nikapata maksi zangu. Lakini kumwona mzee yule akiwa na Mombasa sikioni na Mombasa nyingine kwenye skrini kwa wakati mmoja kulinipa furaha ambayo mtihani haukuwahi kunipa.

Ilibaki namba ya tatu, ya intaneti. Nilimfungia, na hapo nikamweleza kitu kwa msisitizo kuliko vyote. Modemu ya zamani ilikuwa inapiga kelele nusu dakika kabla ya kuunganisha, kwa hiyo ulijua unalipa. ISDN inaunganisha kwa sekunde moja au mbili, bila sauti yoyote. Programu ya barua pepe inaweza kujiunganisha yenyewe, ikakaa hewani usiku kucha, na dakika zote zile zina bei. Nikaiweka ikate yenyewe isipokuwa na kazi kwa dakika moja, na nikamzuilia ile njia ya kuunganisha chaneli zote mbili kupata kilobiti 128.

"Mbona wanizuilia? Si ni kasi zaidi?"

"Ni kasi zaidi, Ami, lakini unalipa simu mbili. Na wakala akipiga wakati huo atakuta laini imejaa."

Alifikiri kidogo, akakubali.

"Basi iache hivyo. Nikitaka kasi ntakuita."

Aliniita mara nyingine baadaye, ila haikuwa kwa kasi. Jirani yake wa ghala la pili, aliyekuwa akipeleka mashine za kushona Accra, naye alikuwa amevuta ISDN, na kijana aliyemfungia soketi alikuwa ni yuleyule.